Haidrojeni au betri? Hesabu ya dereva wa tuktuk, Malindi

TuktukYaMaweni (mwanzisha uzi):

Assalam aleikum, na hamjambo nyote.

Uzi huu umezaliwa kwenye benchi la mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi karibu na stendi yetu. Jumanne asubuhi mwana wa dada yangu, ambaye yuko chuo kikuu mwaka wa tatu, alinikalia mbele ya madereva wenzangu. "Mjomba, hiyo tuktuk ya umeme umeingizwa mjini. Ulimwengu unahamia haidrojeni, ekzosi inatoa maji matupu. Hiyo betri yako miaka mitano ijayo kuku watatagia humo." Watu wakacheka, hata mama wa mbaazi akacheka. Sikuwa na jibu la pale pale. Nikalipa, nikaondoka.

Nimelala na maneno hayo siku nne. Leo nimekaa na kalamu.

Kwanza mjue ninakotoka. Tuktuk ya petroli nimeiendesha miaka tisa, mitatu ya tajiri na sita yangu mwenyewe. Kwa siku napiga kilomita 90 hadi 110: Maweni, sokoni, Barani, hospitalini, Casuarina, na nikibahatika nampata mgeni wa Gede au Mambrui. Mafuta yalikuwa yanakula shilingi 700, siku nyingine 900. Oktoba 2023 lita ilipopita shilingi 217 kule Nairobi, na huku kwetu pungufu yake kidogo tu kwa kuwa tuko karibu na bandari, kuna siku nilirudi nyumbani na mia tatu mkononi. Mke wangu akaniuliza kama nimeanza kunywa.

Nikaiuza ile, nikaongeza mkopo wa chama, nikachukua ya umeme. Betri yake ni ya uniti 9. Naichaji usiku nyumbani, kwa mita yake peke yake, maana mwenye nyumba alishaanza kununa. Siku ya kilomita mia inakula uniti 7 au 8. Kwa bei ya tokeni za nyumbani ni kama shilingi 220. Hiyo ndiyo tofauti yenyewe.

Sasa haidrojeni. Nilivyokuwa nafikiri, haidrojeni ni mafuta mapya yaliyogunduliwa mahali, yakachimbwa, yakauzwa. Kumbe hutengenezwa. Na karibu yote inayotumika duniani leo hutengenezwa kwa gesi asilia na makaa ya mawe, moshi wake ukabaki kiwandani. Ile safi anayoisifia mpwa wangu, ya kuyapasua maji kwa umeme, haijafika hata asilimia 1.

Tuseme tumeamua kutumia hiyo safi. Kilo moja ya haidrojeni hutaka lita 9 za maji safi na umeme wa uniti 50 hadi 55. Halafu ni hewa nyepesi kupita zote, haikai mahali mpaka uikandamize. Wazamiaji wa Watamu mnawaona na ile mitungi mgongoni? Ile ni baa 200, kipimo cha shinikizo (si baa za kunywea). Mtungi wa Toyota Mirai, gari la haidrojeni, ni baa 700. Kuikandamiza kufika hapo ni umeme mwingine tena.

Kilo hiyo moja inalisogeza gari kama kilomita 100. Na ndani ya gari haichomwi kama petroli. Inapita kwenye seli, inageuzwa kuwa umeme, umeme unazungusha mota. Nilipofika hapo nikaweka kalamu chini. Kumbe gari la haidrojeni ni gari la umeme! Tofauti ni kwamba umeme wake umetolewa kwenye waya, ukageuzwa hewa, ukafungiwa mtungini, ukageuzwa umeme tena. Ni mtu wa Malindi anayekwenda Watamu akaamua kuzungukia Kilifi.

Uniti hizo 55 ukizitia moja kwa moja kwenye betri ya gari dogo, unatembea zaidi ya kilomita 300.

Mpwa wangu najua utausoma uzi huu. Lete hoja, usilete kicheko.

MwanaChuo_Malindi:

Mjomba umenianika mbele ya Pwani nzima! Shikamoo.

Hesabu zako sizipingi, nimezipitia. Lakini umepima upotevu wa umeme, hukupima muda. Gari la haidrojeni linajazwa kwa dakika tano. Wewe tuktuk yako inalala kwenye waya saa ngapi? Sita? Tajiri mwenye tuktuk kumi, kila moja ikiendeshwa na madereva wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, atachaji lini? Pia uzito: lori la tani 30 ukilifungia betri za kulifikisha mbali, sehemu ya mzigo imeliwa na betri.

Na usiseme ni ndoto za Wazungu. Serikali yetu wenyewe ilizindua mkakati wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023, siku za mkutano wa tabianchi wa Afrika pale Nairobi. Kwa nini wahangaike na kitu kisicho na faida?

TuktukYaMaweni:

Marahaba. Sasa tunazungumza.

Mkakati huo shabaha yake ya kwanza ni mbolea. Mbolea nyingi hutokana na amonia, na amonia haitengenezeki bila haidrojeni. Sisi mbolea tunaiagiza kwa meli, na vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 kila mkulima aliona bei ilivyoruka. Kwa hivyo kama umeme wa mvuke wa ardhini kule Olkaria utapasua maji ili mkulima wa Kakoneni apate mbolea nafuu, mimi nitapiga makofi. Hiyo ni kazi isiyoweza kufanywa na betri. Kunipeleka Barani betri inaweza.

Hili la muda sina ubishi. Saa sita, umesema kweli. Ila mimi usiku nalala.

MwanaWaGanda_Ughaibuni:

Naandika kutoka California, nimezaliwa Ganda, miaka kumi na moja niko huku. Hadithi yangu fupi.

Nilikodi gari la haidrojeni miaka mitatu. Gari lenyewe zuri mno, wallahi, kimya, tamu kuendesha. Tabu ilikuwa kula yake. Kituo cha karibu kilikuwa dakika 25 kutoka kwangu, na nusu ya safari nakuta karatasi imebandikwa: mbovu. Siku nyingine kifaa cha kujazia kinaganda kwa baridi ya gesi, kinashikana na gari, unasimama pale kama aliyefungwa kamba mpaka barafu iyeyuke. Dakika tano anazosema kijana ni za kweli kwa gari la kwanza tu. La nne linasubiri pampu ipate tena shinikizo.

Halafu bei. Nilipoanza kilo ilikuwa dola 13 na kitu. Kufikia mwaka 2024 kwenye vituo vingi ilikuwa imefika dola 36. Kila kilo kwa kilomita zako mia. Mwaka huo huo kampuni moja kubwa ya mafuta ikafunga vituo vyake vyote vya haidrojeni vya magari madogo katika jimbo hili. Nikarudisha gari, nikachukua la betri, nalichomeka gereji kwangu kama simu.

Simaanishi haidrojeni ni uongo. Gari halina kosa. Kosa ni kwamba hakuna mtu atakayejenga kituo cha mamilioni ya dola kwa magari hamsini, na hakuna atakayenunua gari la hamsini na moja bila kituo.

DadaWaMuyeye:

Mkishamaliza kuhukumu haidrojeni msiifanye betri malaika. Mimi nina Nissan Leaf ya mtumba mwaka wa pili sasa.

Leaf ina vistari 12 kwenye dashibodi vinavyoonyesha uzima wa betri. Aliyeniuzia, jina namwachia Mungu, alinionyesha picha yenye vistari 11. Gari lilipofika mkononi mwangu vilikuwa 9. Ndipo nikajifunza kwamba Leaf kama yangu betri yake haipozwi kwa maji, inategemea upepo tu, na joto ndilo adui yake. Zile za kwanza zilizotoka mwaka 2010 na 2011 zilipopelekwa jimbo la Arizona kule Marekani, jua la jangwani liliziramba mpaka wenyewe wakaandamana mahakamani. Sasa fikirieni Malindi mwezi wa Februari, gari limeegeshwa kwenye lami bila hata mwarobaini.

Mjini hainipi shida. Kwenda kazini, kupeleka watoto, sokoni, naichaji kila siku ya pili. Taabu ni Mombasa. Kilomita 120 kwa vistari 9 ni dua. Nasimama Kilifi kwa shangazi yangu, nachomeka kwenye soketi ya ukumbini, saa tatu nzima, chai na maneno ya ukoo. Nimejua habari za watu wengi kuliko nilivyohitaji kujua.

Lakini sirudi petroli. Tangu niinunue sijabadilisha oili, sijabadilisha plagi, breki ni zile zile.

FundiKutu:

"Sijabadilisha oili, sijabadilisha plagi." Dada unaandika kwa furaha, mimi nasoma kama tangazo la kifo.

Nina gereji, mafundi wawili na vijana wanne wanaojifunza. Chakula chetu ni oili, plagi, klachi, kabureta, gasketi, na zile injini za tuktuk zinazofunguliwa kila baada ya mwaka na nusu. Mota ya umeme ina bearing mbili na waya. Ikiharibika ni kwa nadra, na ikiharibika, kontrola yake, ile inayopimia mota umeme, ni kisanduku kilichozibwa. Aliyemuuzia huyu mwanzisha uzi ukimuuliza spea anakwambia subiri kontena. Kweli au si kweli?

Tena si sisi tu. Hesabu wauza petroli ya chupa huko vijijini. Hesabu vijana wa kuosha injini. Hesabu muuza spea za magendo na za halali. Mji huu hoteli zikilala, na zinalala kila utalii ukiyumba, watu hujikinga kwenye boda na gereji. Ondoa gereji tuambiane watakwenda wapi.

Hata hivyo nitasema haki. Nimeanza kujifunza betri. Nimeshafungua pakiti tatu. Tatizo kubwa la huku ni chumvi. Upepo wa bahari unakula viunganishi, shaba inageuka kijani, waya unapata joto, mtu anasema betri imekufa kumbe ni kiunganishi cha shilingi mia mbili. Nikiweka grisi na kufunika vizuri, tuktuk inafufuka. Sasa huo mtungi wa baa 700 na vifereji vyake, kwenye hewa hii iliyotafuna mabati ya nyumba yangu kwa miaka minane? Haidrojeni hupenya hata ndani ya chuma ikakifanya kiwe kikavu kama biskuti, na ikiwaka mchana moto wake karibu hauonekani. Mimi huo mtungi sigusi. Mwiteni mwingine.

TuktukYaMaweni:

Fundi, kuhusu kontena ni kweli. Mwezi wa tatu kontrola ilizima karibu na daraja la Sabaki, nikiwa na abiria wawili na gunia la nazi. Wiki mbili na siku tatu niliegesha. Ile faida yote niliyokuwa nimeiweka ikaliwa na kusubiri. Nilipoanza uzi sikuisema kwa sababu ya aibu, nimeisema sasa.

Mwisho kijana mmoja wa kutengeneza simu hapa mjini ndiye aliyefungua kile kisanduku, akakuta kitu kimeungua, akakibadilisha. Kwa hivyo gereji zitakuwepo, ila wenyewe huenda wakawa wa kabila la mafundi simu.

Mkunguni_Amu:

Nyinyi watu wa Malindi mwagombana nani atamuondoa petroli, sisi Amu (Lamu kwenu) petroli hatukumpa hata mlango. Punda hatumii tokeni, hana kontrola, na akilala njiani akipigwa fimbo anaamka.

Utani kando. Mitaani kwetu gari haliingii, mitaa yenyewe ni upana wa mkono na mkono. Boda zimeanza kuingia na wazee wanalalamika. Lakini petroli tunainywa baharini. Kila kitu kitokacho bara, kuanzia Mokowe hadi huku, ni boti ya injini. Nahodha anayevusha watu siku nzima anatia mafuta mengi kuliko tuktuk zenu mbili pamoja. Na hapa betri inapata mtihani kweli, maana maji si lami. Gari likishashika mwendo huteleza, boti kila dakika inasukuma bahari. Ukitaka mwendo wa kuruka juu ya mawimbi, betri inaisha ukiwa katikati ya mkondo. Kwa mwendo wa pole, mikoko hadi mikoko, kupeleka wageni kuangalia machweo, betri inatosha na kelele haipo. Kwa mvuvi anayekwenda nje ya mwamba, bado.

Na tanga je? Mababu walifika Bara Hindi bila lita moja.

Nikumbushe jambo moja lakini. Sisi nusura tuletewe kiwanda cha umeme wa makaa, megawati 1,050, pale Kwasasi. Watu wakaenda mahakamani, na Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ikafuta leseni. Kingejengwa kile, hiyo tuktuk yako ya umeme ingekuwa inachomeka kwenye makaa ya mawe yaliyokuja kwa meli. Kwa hivyo kabla ya kumsifu waya, uliza upande wa pili umeshikwa na nani.

TuktukYaMaweni:

Umenena, shekhe. Na jibu lake ndilo lililonitoa wasiwasi. Umeme wa Kenya, kama sehemu tisa kati ya kumi, ni mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mvuke wa Olkaria ndio mkubwa kuliko wote. Jua tunalo hata hapa Langobaya, kile kiwanda cha megawati 40 kilichoanza mwishoni mwa 2021. Ukipita njia ile unaona vioo vimetanda kama bahari.

Lakini kilichonifurahisha ni usiku. Watu wakilala matumizi huporomoka, na mvuke hauna kitufe cha kulala, unatoka tu. Upepo wa Turkana nao hupuliza zaidi usiku. Kuna usiku mvuke unaachiwa hewani kwa kukosa mtu wa kuutumia. Ndiyo sababu tangu 2023 kuna bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa uniti saa za kazi na 8 saa za usiku, kabla ya kodi na makato. Mimi bado sijaipata, nalipa ya nyumbani, nimeomba. Mpwa wangu, unaona? Saa sita ninazolala ndizo saa ambazo umeme unamwagika.

StimaImepotea:

Mzee wangu jina langu linajieleza. 25 Agosti 2023 nchi nzima ilikuwa giza, mpaka uwanja wa ndege wa Nairobi. Novemba tena. Desemba tena. Na hapa mtaani hatuhitaji hata nchi nzima, ukipiga upepo wa kaskazi tu tayari. Siku hizo tuktuk yako ni nini? Ni kibanda cha kukalia.

DadaWaMuyeye:

Siku ile ya Agosti mimi nilikuwa nimechaji jana yake, nilitembea siku mbili. Jirani yangu mwenye gari la petroli alikwenda kituoni akakuta pampu haifanyi kazi. Pampu ya mafuta inasukumwa na umeme, mnasahau.

StimaImepotea:

Hilo nimelipokea. Ila kituo kina jenereta.

DadaWaMuyeye:

Kilikuwa nayo. Haikuwa na dizeli.

MzeeWaTemeke:

Wakuu nimewasoma kutoka Dar es Salaam. Mnajadili viwili, mmemsahau wa tatu. Huku kwetu mtu akichoka na petroli haendi kwenye betri, anafunga mtungi wa gesi asilia. Gesi tunayo ya kwetu, Songo Songo na Mnazi Bay. Bajaji, teksi, mpaka magari ya serikali. Gharama inashuka nusu au zaidi, na injini inabaki ile ile, kwa hiyo huyo fundi asilie.

Ubaya wake ni foleni. Vituo vichache, magari mengi, kuna watu wanakwenda kujaza saa tisa usiku. Nimewahi kukaa saa nne. Kwa hiyo hoja ya kijana wa chuo ya dakika tano, mimi nacheka tu. Dakika tano za pampu, saa nne za foleni. Tena gesi yetu iko baa 200 tu, kituo chake ni rahisi kuliko cha hiyo haidrojeni yenu ya 700, na bado havitoshi.

Lakini hata huku bajaji za umeme zimeanza kuonekana, na treni yetu ya SGR inatumia umeme tangu 2024.

LoriLaMinjila:

Naendesha lori Mombasa hadi Lamu, saruji kwenda, kurudi chochote. Kilomita kama 340 kufika Mokowe. Kutoka Malindi kwenda juu, ukiacha Gongoni na Marereni, mpaka Minjila na Witu, niambieni nani ataniwekea mtambo wa kuchaji lori? Nyumba nyingine huko hazina hata taa.

Haidrojeni nilidhani ndiyo ya malori. Nilikuwa nafuatilia ile kampuni ya Marekani, Nikola, niliona video zao nikasema huyu ndiye. Februari 2025 ikafilisika. Sasa nasikia Wachina malori yao ya betri yanazidi kila mwezi, na wengine hawachaji, wanabadilisha betri nzima kama unavyobadilisha mtungi wa gesi ya kupikia. Hiyo ningeielewa. Niwekeeni kibanda Minjila chenye betri zilizojaa, nishushe, nipakie, niende.

Mpaka hapo mimi na dizeli ni mke na mume. Tunagombana lakini tunalala nyumba moja.

MwanaChuo_Malindi:

Nimesoma wote. Mjomba, nakubali kwa tuktuk na boda. Kwa gari la mtu binafsi niachie kidogo. Magari yetu karibu yote ni mitumba ya Japani, na sheria inataka lisizidi miaka minane. Maana yake Probox na Yaris tutakazonunua miaka minane ijayo ni zile Wajapani wanazonunua leo. Na Wajapani leo hawanunui betri wala haidrojeni kwa wingi, wananunua haibridi, petroli na umeme pamoja. Kwa hiyo mkisema petroli inazikwa, sisi mazishi yetu yatachelewa. Norway mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kumi mapya yalikuwa ya betri tupu, na ni nchi inayouza mafuta! China karibu nusu, ukihesabu na haibridi za kuchomeka. Lakini hatununui mitumba ya Norway, usukani wao uko kushoto.

TuktukYaMaweni:

Hiyo ndiyo hoja uliyopaswa kuileta Jumanne, ungenishinda pale pale.

Nakubali kabisa. Probox itakuwa ya mwisho kuondoka Malindi. Lakini Ethiopia hawakungoja mitumba. Januari 2024 walipiga marufuku kuingiza gari la petroli au dizeli. Dola za kununulia mafuta hawana, umeme wa maji wanao wa bei ya chini, bwawa lao kubwa lilizinduliwa rasmi Septemba 2025, na sisi wenyewe tunanunua umeme wao kwa waya tangu 2022. Magari yanawafikia kutoka China moja kwa moja. Nasikia mafundi wao nao wanalia kama Fundi hapo juu, lakini magari yanatembea.

Kwangu mimi mpangilio ni huu: boda, tuktuk, kisha matatu za mjini, kisha gari la mwalimu na la karani. Lori la Minjila na boti ya nje ya mwamba zitabaki nyuma sana. Haidrojeni itakwenda kwenye mbolea na viwanda, na pengine kwenye meli kubwa zinazotia nanga Lamu. Stendi ya Maweni hatutaiona.

FundiKutu:

Sawa. Nina swali la kazi, si la siasa. Hiyo betri yako ni ya aina gani, ile ya chuma na fosfati au ile ya kobalti? Ya kwanza nasikia haishiki moto ovyo na inavumilia joto. Nataka niione kwa ndani kabla sijawafundisha vijana.

TuktukYaMaweni:

Ya chuma na fosfati, nilisoma kwenye kibati. Lakini kufungua, Fundi, bado ina dhamana ya miezi kumi. Ukiifungua na mke wangu akajua, tutahamia kwako sote.

FundiKutu:

Nitaangalia viunganishi tu. Sitoi hata skrubu moja ya pakiti. Grisi ninayo.

MwanaChuo_Malindi:

Mjomba, kama unapita gereji kesho nipitie na mimi. Nina magunia mawili ya kupeleka Gede kwa bibi.

TuktukYaMaweni:

Saa moja asubuhi uwe barabarani, asubuhi ndiyo imejaa. Mbaazi utalipa wewe, na mama umwambie kwa sauti kwamba umeshindwa.